Lenzi Pana na Watu wa Pembeni

Shangazi yangu wa Tabata hajanisamehe hadi leo. Ilikuwa sendofu ya binti yake, ukoo mzima umejipanga mbele ya ukumbi, na mpiga picha aliyelipwa kwa kazi hiyo bado amekwama kwenye foleni Barabara ya Mandela. Watu wakaanza kuniangalia mimi. Nikasimama, nikajifanya sina haraka. Ukumbi wenyewe mdogo, nyuma yangu meza ya vinywaji, hata hatua moja ya kurudi hakuna. Nikafunga lenzi yangu pana, nikaizungusha hadi mwisho, milimita 10 (namba ikipungua, lenzi inaona kwingi zaidi), na watu thelathini na ushee wakaingia wote bila mtu kukatwa sikio. Nikajiona fundi.

Usiku uleule picha ikatumwa kwenye grupu la ukoo. Haikupita nusu saa, simu ikaita.

"Wewe mtoto, mbona mimi umeninenepesha na mama yako umemwacha vilevile?"

Nikacheka, na hapo ndipo nilipoharibu. Baadaye nikaifungua ile picha nikaona alikuwa na haki. Mama alisimama katikati. Shangazi, kwa kuwa ndiye mwenye shughuli, alikuwa nyuma anagombana na wapishi, akaja dakika ya mwisho na kujibana pembeni kabisa. Bega limevutwa, shavu limetanuka, kipochi chake kimekuwa kama begi la safari.

Lenzi pana nyingi zimeundwa ili kilichonyooka kibaki kimenyooka: ukuta, nguzo, upeo wa bahari. Ili hilo liwezekane, kilichoko pembeni lazima kivutwe kuelekea ukingoni, na kadiri unavyokaribia ukingo ndivyo unavyovutwa zaidi. Kwa milimita 10 kwenye kamera yangu, uso wa mtu wa mwisho wa mstari unapanuka karibu mara moja na nusu kuliko unavyorefuka. Nimejaribu kumweleza shangazi mara mbili. Hataki fizikia. Anataka nipige tena.

Lenzi yenyewe ni Canon ya milimita 10 hadi 18, toleo la 2014, niliyoinunua mtumba kwa kijana aliyekuwa anaacha kupiga harusi. Haina makuu. Sehemu inayokamata kamera ni ya plastiki, haina kinga ya maji wala ya vumbi, na tundu lake dogo la kupitishia nuru linaifanya ihangaike gizani. Lakini ina gramu 240, hata robo kilo ya sukari haifiki, na kwa mtu anayesafiri kwa daladala hilo ni jambo kubwa. Kamera yangu ina sensa ndogo, kile kibati cha ndani kinachopokea nuru, kwa hiyo unazidisha kwa 1.6: 10 inakuwa kama 16 kwenye zile kamera zenye sensa ya milimita 36 kwa 24. Kutoka kona hadi kona inaona digrii 107. Linganisha na milimita 50 kwenye kamera kubwa, ambayo inaona digrii 46 tu. Siku moja mpwa wangu aliweka simu yake kando ya kamera yangu, akabonyeza pale penye 0.5, na simu ikaona zaidi. Ni kweli. iPhone 11 ya 2019 ilikuja na jicho pana linalolingana na milimita 13. Mchana wa jua kali hata sibishani naye. Tunaanza kubishana saa moja jioni, giza likiingia na kisensa kile cha simu kikianza kutoa uji.

Niliinunua kwa sababu ileile wanayoinunulia wengi. Nilidhani mandhari kubwa inataka lenzi inayoona kwingi. Safari ya kwanza niliyokwenda nayo ilikuwa Moshi. Asubuhi ya pili mawingu yakafunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akajitokeza mweupe juu ya mji, watu wa kituo cha basi wenyewe wakageuza shingo. Nikapiga picha arobaini. Nyumbani Sinza nikazifungua kwenye kompyuta: anga, anga, anga, nyaya za umeme, bati la kioski, na mahali fulani katikati kichuguu kimenyunyiziwa unga.

Hesabu yake nilikuja kuifanya baadaye, kwa hasira. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari wa moja kwa moja, na kilele, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kiko kama mita 5,000 juu ya mji. Kwa macho yetu ni ukuta. Kwa pembe ni digrii 9 tu kutoka chini hadi juu. Lenzi yangu, kamera ikiwa imelala, inaona digrii 73 kwenda juu. Mlima mrefu kuliko yote Afrika ukapata sehemu ya kumi ya picha, iliyobaki wakagawana anga na bati la kioski. Jua nalo hivyohivyo. Lile jua jekundu linalochomoza baharini Coco Beach, ambalo unaapa linajaza dunia, lina upana wa nusu digrii tu angani. Kwenye lenzi pana linakuwa punje ya mtama.

Kwa hiyo ukinipa milima na lenzi moja, nipe milimita 85 au hata 200, na nakwambia hivyo nikijua kuna wapiga picha wa mandhari watakaonuna. Lenzi pana ni ya vitu vilivyo karibu nawe. Nilichelewa kulielewa hilo, na aliyenielewesha alikuwa mvuvi wa Kunduchi ambaye hakuwa na habari na kamera.

Kutoka Sinza napanda hadi Mwenge, Mwenge napanda gari la Tegeta, nashuka Mtongani, bodaboda inanifikisha pwani. Nilikuwa nakwenda alfajiri, kisha nikagundua kwamba bahari ina ratiba yake. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na hapo ndipo maji yanapotoka mbali kabisa na kuacha mchanga wenye mikunjo, vidimbwi, majani ya bahari, kila kitu ambacho lenzi pana inakitaka. Sasa tatizo. Hapa kwetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi na hukauka kwenye saa nne au saa tano. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya nuru laini, maji ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Yakishatoka, jua limeshapanda, kila kitu kimekuwa cheupe kama chokaa. Ukitaka maji makavu na alfajiri kwa pamoja, subiri maji mafu, zile siku bahari haijai sana wala haikauki sana, yaanze kuisha, na hapo hayatoki mbali. Huwezi kupata vyote. Nilichoamua ni kwenda bamvua siku za mawingu, hasa masika ikiwa inaanza, wingu likiwa limetanda kama shuka na jua limechujwa hata saa tano.

Siku ninayoisema ilikuwa hivyo. Maji yametoka, ngalawa zimelala mchangani, kamba za nanga zimenyooka juu ya mchanga mbichi. Nikaona kamba moja nzuri, nene, ya katani iliyochanganyika na nailoni ya bluu, imejipinda kutoka miguuni mwangu hadi kwenye ngalawa hatua kumi mbele. Nikalala kifudifudi. Ili kamba iwe kubwa ilibidi lenzi iwe chini, karibu kugusa mchanga.

Mtu mzima akilala kifudifudi ufukweni Kunduchi, hakai peke yake muda mrefu. Walikuja watoto wanne.

"Bro, umeangusha nini? Simu au hela?"

Kabla sijajibu wameshaanza kupekua mchanga, mmoja ameshakanyaga mikunjo yote niliyokuwa nimeipangia. Nyuma yao akaja mzee mwenye kikoi na kofia ya kampeni za uchaguzi iliyopauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kimepotea nini?"

"Hakijapotea kitu, mzee. Napiga picha."

"Picha ya mchanga?"

Nikainuka, nikajipangusa, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaishika kamera kwa mikono miwili, mbali na uso kama watu wa umri wake wanavyosoma gazeti. Akaangalia sana.

"Ngalawa yangu iko wapi?"

"Hii hapa, mzee."

"Hii?" Akanitazama. "Kamba umeifanya kubwa kama paja langu, chombo umekifanya kisoda. Mimi nimeichonga hii. Mtu akiiona hapa atasema ni ya kuchezea watoto."

Kwangu mimi ilikuwa picha nzuri kuliko zote za mwezi ule. Lakini chombo ni chake. Akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye omo, mbele ya chombo, akaligonga gogo kwa kiganja. "Piga hapa."

Nikapiga magoti. Nikasogea, nikasogea tena, mpaka omo ikawa shubiri moja kutoka kwenye kioo cha lenzi. Kwa karibu vile ndipo nilipoona alichotaka nikione. Alama za tezo, kile kifaa cha kuchongea, zilikuwa bado zipo kwenye mti, magamba madogomadogo chini ya rangi ya kijani iliyobanduka, na pale chombo kinapopasua maji palikuwa pameng'arishwa na mchanga wa miaka kama mpini wa jembe. Tobo moja lilikuwa limezibwa kwa pamba na kitu cheusi. Nikabonyeza. Kwenye picha omo inakujia juu kama pua ya meli, na nyuma yake ngalawa inakimbia, inasinyaa, tezi, yaani nyuma ya chombo, iko kule mbali kabisa, na wale watoto wanne wamekuwa vijiti upeoni.

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Sasa hii chombo. Hii unakwenda nayo Komoro."

Lenzi haikubadilika, wala sikugusa namba yoyote. Nilitembea hatua kumi. Ngalawa ina urefu wa mita 5 hivi. Omo ikiwa robo mita mbele yako, tezi iko mbali zaidi ya mara ishirini, na picha inaonyesha tofauti hiyo yote bila huruma. Ukisimama hatua kumi nyuma, tezi haifiki hata mara mbili ya umbali wa omo, chombo kinarudi kuwa kisoda. Pale Moshi nilikuwa kilomita 30 kutoka kwenye kitu pekee nilichokipenda, na mbele yangu, karibu kabisa, palikuwa na kioski.

Kwa wanaotaka namba: tundu f/8 (namba ya f ikipanda, tundu linapungua), fokasi ya mkono kama sentimita 70 kutoka kwenye sensa. Kwa milimita 10 kwenye kamera kama yangu, hapo vinakuwa wazi vyote kuanzia kama sentimita 35 hadi mwisho wa macho. Lenzi hii inakubali kufokasi hadi sentimita 22, lakini kumbuka zinapimwa kutoka kwenye sensa, kwa hiyo mbele ya kioo inabaki nafasi ya kiganja tu. Wanaokimbilia f/22 ili kila kitu kiwe kikali wanajipunja wenyewe. Ukishapita f/16 nuru inatawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika. Isitoshe, kwa tundu dogo vile kila tone la chumvi lililoko kwenye kioo linaonekana, hasa ukielekea jua.

Na chumvi ipo. Kusi ikivuma kuanzia Aprili, ukikaa nusu saa ufukweni lenzi inapata ukungu wa chumvi ambao huuoni mpaka ufike nyumbani. Usiupanguse mkavu. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, nikiwa na fulana ya mtumba niliyoiamini sana, na mchanga uliokuwa umenasa ukachora kioo mstari ambao bado upo. Sasa nabeba kipuliza hewa cha mpira na vipande viwili vya kanga kuukuu ya mama, iliyofuliwa mpaka imekuwa kama hariri. Napuliza kwanza. Halafu kipande kimoja kilichonyweshwa maji safi kidogo, chumvi iyeyuke. Halafu cha pili, kikavu. Kanga ina jina, kama kanga zote, lakini mkato wa kipande changu umeacha neno moja tu: *MAJIRANI*.

Begi langu ni la shule, la mpwa wangu yuleyule wa simu, lenye zipu iliyokufa upande mmoja. Nilikuwa na begi halisi la kamera, jeusi, lenye nembo kubwa nyekundu. Kwenye gari la Tegeta saa kumi na moja jioni ile nembo inasomeka kama bango. Nikalitoa zawadi. Ndani ya begi la shule kamera inalala imeviringishwa kwenye taulo, lenzi pana ikiwa imeshafungwa tayari, kwa sababu kubadilisha lenzi ufukweni ni kukaribisha mchanga ndani ya kamera. Lenzi nyingine inabaki nyumbani. Nimeshaacha ile tabia ya kubeba tatu "kwa usalama". Ukiwa na tatu, nusu ya siku unaimaliza ukijiuliza ipi.

Nyumbani nako kuna adui mwingine. Nilikuwa na lenzi ya milimita 50 niliyoipenda, nikaihifadhi kwenye kikoba cha ngozi, ndani ya kabati, kama mtu anavyoficha dhahabu. Baada ya masika mbili nikaitoa, nikaiangalia kwenye dirisha: ndani ya kioo nyuzi nyeupe, nyembamba, zimejitandaza kama utando wa buibui. Fangasi. Anapenda giza, unyevu na hewa isiyotembea, na Dar inampa vyote vitatu bila kumdai kodi. Fundi mmoja Kariakoo akaifungua, akaisafisha, akanirudishia akiwa mkweli: nyuzi zimetoka, lakini tabaka linalozuia mng'ao limeshaliwa, halirudi. Ngozi yenyewe ndiyo ilikuwa inatunza unyevu. Siku hizi kamera inakaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kile cha kuwekea nafaka, pamoja na vifuko vya silika. Zile punje za bluu zikigeuka pinki nazikaanga moto mdogo mpaka zirudi bluu. Mke wangu ameniwekea kikaangio cha peke yake, na ameandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito ili nisijisahau.

Nilisema watu wa pembeni. Kuna mwingine. Asubuhi moja nilikuwa upande wa Kivukoni, napiga mashua zikirudi na samaki. Nimechuchumaa, nina furaha, mbele yangu kuna tenga la dagaa linang'aa kama sarafu. Nikasikia viatu vimesimama.

"Kijana, umepiga nini?"

"Mashua, afande. Na dagaa."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa moyo mweupe. Hakuangalia mashua, wala dagaa. Macho yake yakaenda moja kwa moja kona ya juu kushoto, akaweka kidole. Lilikuwepo geti, dogo, limepinda kwa kuvutwa na lenzi, na mtu mwenye sare mbele yake. Sikuwa nimeliona kabisa. Nilikuwa nimeangalia dagaa.

"Na hili?"

Nikafuta, picha zote sita, yeye akihesabu. Hakunifokea, na hakuwa na kosa. Kila Mtanzania anajua kuna mageti hayapigwi picha. Tatizo ni kwamba ukiwa na digrii 107 huhitaji kulielekezea geti kamera ili liingie. Linatosha kuwa jirani. Toka siku ile, kabla ya kubonyeza, nazungusha macho kona nne kwanza, kama konda anavyochungulia milango kabla hajagonga bati. Nakuta mambo. Kivuli changu mwenyewe. Mguu wa tripodi. Vidole vyangu vya miguu, ambavyo nadhani vimepigwa picha nyingi kuliko watoto wangu.

Mara chache upana wenyewe ndio unaoutaka, na hapo huna mbadala. Tulikwenda Kilwa Masoko kwa basi, kilomita 300 hivi kusini, tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani. Ndani ya Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, ukuta uko nyuma yako na ukuta mwingine mbele, matao yamefuatana na kuba ziko juu ya kichwa. Ukiwa na 50 unapiga nguzo moja. Ukiwa na 10 unapiga chumba. Lakini hata mle nilijifunza kwa tabu. Picha za kwanza niliinua kamera ili kuzipata kuba, nguzo zote zikaangukia ndani kama watu wanaonong'onezana. Ndivyo inavyokuwa: kamera ikielekea juu, mistari iliyosimama inakutana. Unaliona vizuri pia pale Azania Front ukijaribu kulipiga picha kanisa lote kutoka barabarani, mnara unarudi nyuma kama mtu aliyekunywa. Kamera ikae sawa, usawa wa maji. Basi nusu ya chini ya picha inakuwa sakafu, na inabidi sakafu hiyo iwe na jambo la kusema. Kule Kisiwani ilikuwa nalo. Nuru inaingia matobo ya paa lililobomoka na kulala chini vipande vipande, na katikati ya kipande kimoja alikuwa amekaa mjusi.

Filta ya polaraiza, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kukata mng'ao, nitaisema haraka kwa sababu kila mtu ananiuliza. Kwenye lenzi pana iogope ukipiga anga. Asubuhi, jua likiwa mashariki, ile sehemu ya anga inayokolezwa na filta iko kaskazini na kusini. Ukisimama nayo Coco Beach ukaelekea kaskazini, katikati ya anga linatokea doa jeusi la bluu, pembeni kumepauka. Kwa lenzi ya 50 huoni kitu. Lakini ukiielekeza chini, kwenye vidimbwi vya maji yaliyotoka, inaondoa mng'ao na unaona matumbawe na kaa waliojificha. Mimi naitumia hapo tu, halafu nakwenda kula mihogo.

Na kuhusu uzito, kwa wale wanaoniandikia kwamba lenzi "za kweli" ni kubwa: ukubwa ule una historia yake. Kamera zenye kioo cha kuakisi kinachopinduka ndani zinahitaji nafasi nyuma ya lenzi ili kioo kipite, na lenzi fupi kawaida inataka kukaa karibu sana na filamu. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alitoa milimita 35 aliyoiunda kinyumenyume, kioo kikubwa cha kutawanya mbele, ili nuru iangukie mbali zaidi nyuma. Aliiita Retrofocus. Kutoka hapo lenzi pana zikaanza kuota tumbo. Ile Nikon ya 14 hadi 24 ya 2007 ina karibu kilo nzima, na kioo chake cha mbele kimetuna hata filta ya kawaida haiwezi kufungwa. Ni lenzi nzuri sana. Niliwahi kuazimwa siku mbili. Siku ya pili shingo ilikuwa inaniuma mpaka sikioni.

Turudi Kunduchi. Ile picha ya omo niliisafisha, nikaichapisha Mwenge, inchi 12 kwa 18, nikaiviringisha kwenye gazeti na kuipeleka. Ilikuwa imepita karibu miezi minane. Niseme ukweli, nilichelewa. Mzee alikuwa amekaa chini ya mkungu anashona wavu. Akanikumbuka: "Mpiga mchanga!" Akanawa mikono kwanza. Tukaifungua pamoja juu ya ngalawa ileile, yeye kashika juu, mimi chini, upepo unataka kuichukua.

Akaipenda. Akaita wenzake, akaonyesha alama za tezo moja moja, akaonyesha tobo lililozibwa, akasema sasa ameshaliziba upya. Kisha akanyamaza. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaweka kidole kulia kabisa, chini kidogo ya ukingo, mahali ambapo mimi, pamoja na kona zangu nne, sikuwahi kupatazama.

"Hii ni ya mdogo wangu."

Palikuwa na ngalawa nyingine, ndogo, nyeupe, tanga limekunjwa. Imevutwa na lenzi, imelala kama imepakwa kwa kidole.

"Iko wapi siku hizi, mzee?"

"Haipo. Ilivunjika Mbudya, kaskazi iliyopita. Yeye mzima, ila chombo hakipo." Kidole hakikuondoka. "Hii hapa unaweza kuikuza, ukampigia yake?"

Niliangalia. Ilikuwa na ukubwa wa ukucha, laini kama zote zinavyokuwa huko pembeni, imepanuka mara moja na nusu. Nikamwambia nitajaribu. Usiku nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikata, nikaibana upana kidogo ili irudi umbo lake, nikaikuza mpaka punje zikaanza kuonekana. Jina la chombo ubavuni halisomeki. Nimeihifadhi na jina la faili nililomuuliza mzee kwa simu asubuhi yake. Jumamosi bamvua, maji yatatoka saa nne.